Tiketi ya Kapalata

Treni ya Kigoma imechelewa saa tisa.
Behewa limetoka relini huko Malongwe,
alisema mwenye kipaza sauti, kisha akakohoa,
na kikohozi nacho tukatangaziwa.

Hapo ndipo alipotokea Kapalata,
kofia ya shirika kichwani, nembo imebanduka,
koleo la kutobolea tiketi likining'inia kiunoni.
"Elfu nane," akasema. "Stesheni tano,
kila stesheni kikombe kimoja.
Gongo hatugusi. Mimi ni mtu wa ratiba."

Tulikuwa wanne:
Wadenishi wawili, mke na mume,
viatu vya kupandia mlima katika mji usio na mlima;
Bwana Phiri wa Chipata, mnunuzi wa tumbaku,
vidole vyake vilinuka kazi;
na mimi, Nasimiyu wa Kitale, fundi wa mizani,
niliyejiambia nakwenda kuangalia tu.
Akatugawia tiketi za boksi la sabuni,
alizozikata mwenyewe kwa mkasi.

Ya kwanza, Cheyo: bia, viti vya plastiki,
runinga ikirudia mechi ya juzi
na watu wakibishana nayo kana kwamba itabadilika.
Tobo.
Ya pili, Isevya, nyuma ya gereji: komoni,
uji wenye hasira.
Mdenishi mume akauliza kama ina lishe.
"Muulize mkeo kesho," akajibu Phiri.
Tobo.
Ya tatu tulikuta pamefungwa. Pana msiba.
Kapalata akavua kofia, tukasimama gizani dakika nzima,
kisha akatoboa hivyo hivyo:
"Treni haikusimama, lakini stesheni imehesabiwa."

Yeye mwenyewe hakunywa. Kila alikoingia
aliletewa chai ya tangawizi kabla hajaomba.
Yule mke akamwuliza sababu.
"Lazima mtu mmoja akumbuke njia," akasema,
na mpaka tunafika Ng'ambo hakusema tena.

Ya nne ni kwa Mama Nyamizi. Wanzuki.
Nyuki wawili wamefia juu ya povu;
akawatoa kwa kidole, bila kuomba radhi.
Nikaonja: asali iliyokwisha kuyazoea machungu.
Nami, sijui ulimi ulitumwa na nani,
nikaomba mrija.

Klabu nzima ikaangua kicheko.
"Mrija! Kwani soda hii?"

Kwetu wazee hukizunguka chungu, nikawaeleza,
kila mmoja na mrija wake mrefu.
Wa baba ulifungwa kitambaa chekundu
ukatundikwa ukutani, juu,
mahali asipofika mtoto wa kike.
Nilikuwa nafika. Nilipanda ndoo.
Niliunusa tu, nikaurudisha.

Mama Nyamizi hakusema neno. Akatoka na panga,
akarudi na kikonyo cha jani la mpapai
kinachodondosha utomvu bado,
akakipuliza, akakisuuza,
akakichomeka mtungini mbele yangu.
"Haya," akasema. "Fika."

Nikavuta. Kwanza uchungu wa mpapai mbichi,
kisha wanzuki, kisha hewa tupu
kwa kuwa nilikuwa nimeanza kucheka,
au kitu kingine cha mapafu.
Phiri akageukia ukuta
akasoma kalenda ya mwaka juzi, mwezi kwa mwezi.
Namshukuru.

Tobo, na papo hapo honi.
Ya tano hatukuifikia.
Kapalata mbele na tochi, mzee wa miaka sabini, anakimbia,
"Abiria wangu! Abiria wangu!"
akitusukumia ndani mmoja mmoja,
na treni yenyewe ikakaa pale saa nzima nyingine
bila hata kutikisika.

Baada ya Urambo akapita mkaguzi.
Kwa usingizi nikampa isiyo yenyewe.
Akaigeuza chini ya taa: matobo manne,
upande wa pili nusu ya neno, SABU.
"Kapalata," akasema. "Bado anaivaa kofia?"
Nikamwambia anaivaa.

Akashika koleo lake, akatoboa la tano,
akanirudishia.
Ile nyingine hakuiulizia.